Mwenye Nyumba Amekuja

Sura ya Saba

Steven Nyangwine alikuwa na nyumba kumi na moja Mabatini, na hakujua jina la mtu hata mmoja aliyelala ndani yake. Alilisema hilo bila aibu, mikono juu ya meza ya mahojiano, kama anayeeleza kwamba hajawapa kuku wake majina.

"Marehemu alikaa nyumba yako ipi?" Sajenti Tabitha Mokami aliuliza.

"Ya nne kutoka kwenye uzio wa mgodi. Au ya tano. Afande, mimi nazijua kwa namba za tathmini."

Nyumba za Mabatini huitwa tegesha, na aliyezipa jina hilo alikuwa na akili timamu. Mtu akinusa habari kwamba mgodi utapanua eneo lake, anasimamisha kuta mbiombio, anatupia bati juu, anaacha sakafu ya udongo na madirisha matupu, kisha anakaa kungoja fidia kama aliyetega ndege. Lakini mthamini hataki nyumba isiyo na moshi. Kwa hiyo mwenye mtego anatafuta mtu asiye na pa kwenda, anamweka humo bure, aanike nguo na awashe moto. Mabatini palikuwa na watu wapata mia tatu wa aina hiyo: waliokimbia ndoa, waliofukuzwa ukoo, waliovuka mpaka bila karatasi. Kazi yao ilikuwa kupumua.

Siku tatu nyuma mmoja wao alikoma kupumua. Modesta, mwanamke wa miaka ishirini na minne, alikutwa jioni amelala sakafuni, kisogo kimepasuka. Binti yake wa miaka mitatu, Felista, hakuwapo. Mama alikuwa mochwari, hana haraka tena. Mtoto ndiye aliyemnyima Tabitha raha. Mkuu wake wa upelelezi alikuwa amemtazama asubuhi hiyo na kumuuliza, kwa sauti ya mtu mwenye majalada mengi, "Mwenyekiti wa kitongoji anasema hajawahi kumwandika mtoto huyo. Una hakika yupo?"

Tabitha alikuwa na hakika. Alikuwa ameziona kandambili zake.

Steven alikuwa rumande kwa sababu ya sentensi moja. Jirani wa marehemu, Akech, aliandikisha hivi: *Asubuhi Modesta aliniambia leo haendi bombani kwa sababu mwenye nyumba anakuja.* Konstebo Brayan aliiandika, Tabitha akaisoma mara tatu na kuweka sahihi, na mwenye nyumba akafuatwa dukani kwake Nyamisangura akiwa anapima misumari.

"Siku ile ilikuwa ya soko," Steven alisema. "Nusu ya Tarime iliniona dukani. Waulize. Halafu hilo neno mnalonibandika, mwenye nyumba, mmelitoa wapi?"

"Si una nyumba?"

"Mwenye nyumba ni wa mpangaji. Wale hawanilipi kitu. Hakuna mtu Mabatini anayeniita mwenye nyumba. Wananiita bosi. Hata huyo marehemu, mara mbili nilizomwona, aliniita bosi."

Kalamu ya Tabitha ilisimama. Alimtazama yule mtu aliyemchukia tangu juzi, akatamani awe mwongo. Hakuwa. Mwongo angesema hamjui kabisa.

Alitoka chumbani, akamkuta Brayan kwenye benchi la korido. Kijana alikuwa mtu wa Kibaha, na Tarime alikuwa na miezi minne tu.

"Nipe simu yenye picha za eneo la tukio."

Alizipitia polepole. Damu kizingitini, na nyingine kidogo nje ya mlango. Mchi wa kutwangia ulikuwa uani, umetupwa mbali na kinu. Halafu ndani: kigoda kimewekwa ukutani, juu yake kimetandikwa kitenge safi. Mbele ya kigoda palikuwa na sahani ya ugali wa mtama uliomegwa upande mmoja tu, na bakuli. Alivuta bakuli karibu kwa vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Kuku, afande. Mabaki."

"Kuku gani? Sehemu gani?"

Brayan aliinama. "Firigisi."

"Nzima?"

"Nzima. Haijaguswa."

"Kwenu Kibaha, kuku akichinjwa, firigisi anakula nani?"

"Baba." Alifikiri kidogo. "Lakini marehemu hakuwa na mume, afande. Jirani alisema hivyo."

"Chukua gari," Tabitha alisema.

*

Bomba la maji lilikuwa upande wa kijiji, juu kidogo ya Mabatini, na pale palikuwa na foleni mbili za ndoo. Ya kwanza ilisogea. Ya pili ilikuwa imekaa kwenye jua, na wanawake wake wamekaa pembeni yake bila kusemezana. Mwanamke wa kamati ya maji alishika koki kama mwenye kushika ufunguo wa peponi.

"Tegesha bado!" alipaza sauti, ingawa hakuna aliyesogea.

Ndoo za wenyeji zilipokwisha, Tabitha alidhani zamu imefika. Haikufika. Ng'ombe waliletwa, hori likajazwa, nao wakanywa bila pupa. Ndipo koki ikafunguliwa kwa foleni ya pili, na maji yakatoka membamba kama uzi.

Akech alikuwa wa tisa. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye kovu la moto mkononi, kwao upande wa pili wa mpaka wa Sirari, na alipomwona Tabitha aliomba mwenzake amshikie nafasi.

"Siku ile ulikuwa hapa tangu saa ngapi?"

"Saa moja mpaka saa tisa, afande. Sisi wote. Ukitaka maji ya tegesha unashinda hapa. Ndiyo maana kule chini hakukuwa na mtu."

"Neno mwenye nyumba. Modesta alilitamka hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Tulikuwa tunaongea Kiswahili, mimi Kikurya sisikii. Akasema, mwenye nyumba anakuja, na mimi sina cha kumpikia ila huyu kuku. Nikamcheka. Nikamwambia, ati unachinjia landlodi kuku? Akaenda kumkamata kuku."

Tabitha aligeuka taratibu kumtazama Brayan. "Kuku hayumo kwenye maelezo."

"Nilimwambia huyu kijana," Akech alisema. "Akasema kuku haihusu."

Brayan aliangalia viatu vyake. Tabitha hakumkemea. Kijana wa Kibaha alikuwa na udhuru; yeye Mkurya, mjukuu wa Wakurya, hakuwa nao. Alikuwa ameona nyumba za bati akaacha kufikiri. Neno lilipita mbele yake mara tatu na akalitilia sahihi, na kwa ajili hiyo mtoto alikuwa amepotea siku tatu badala ya moja. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa stahili yake.

"Mwenye nyumba si Steven," alimwambia Brayan. "Modesta alikuwa anatafsiri kutoka Kikurya. Umewahi kusikia nyumba ntobhu?"

"Hapana, afande."

"Mama mtu mzima asiyejaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke kijana. Yule kijana anazaa na mwanaume atakayechaguliwa, na watoto ni wa nyumba. Si wa aliyewazaa, si wa yule mwanaume. Ni wa nyumba. Na mwenye nyumba ni yule mama aliyetoa ng'ombe."

"Kwa hiyo firigisi..."

"Alimpa mume wake. Dada yake bibi yangu alioa hivyo. Firigisi nilimpelekea mimi kwa mikono yangu."

Akech alikuwa amesikiliza mkono ukiwa mdomoni. Sasa aliutoa. "Ng'ombe," alisema. "Kuna siku alilia, akasema yeye ni ng'ombe kumi na mbili. Nikadhani ni maneno ya mtu mwenye uchungu." Alifungua fundo la leso kiunoni, akatoa kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne. "Hii alinipa nimfichie. Sikuwapa polisi. Polisi wakiona karatasi ya tegesha huwa wanaichukua na hairudi."

Tabitha aliikunjua. Jina la mtoto: Felista Wegesa. Makazi: Mbalibali. Jina la mama halikuandikwa popote.

"Wegesa ndiye nani?" Brayan aliuliza.

"Ndiye mwenye nyumba."

Walipokuwa wanarudi garini, mwenyekiti wa kitongoji alikata njia kuja kwao, daftari la wakazi kwapani. Mzee Rubeni alikuwa mtu nadhifu, koti limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi nilishatoa maelezo, mwanangu. Sisi upande wa kijiji hatukusikia kitu."

Tabitha alikuwa hajamuuliza lolote. "Nani amekwambia kulikuwa na kitu cha kusikia?"

Mzee alihamisha daftari kutoka kwapa hili kwenda lile. "Nasema tu. Ili msije mkasumbua watu."

Kutoka mlango wa Modesta hadi nyumba ya kwanza ya kijiji, nayo ilikuwa ya Mzee Rubeni mwenyewe, Tabitha alihesabu hatua mia moja na themanini. Aliandika namba hiyo, ingawa hakujua bado ingemfaa kwa lipi.

*

Waliripoti kituo cha Mugumu, wilaya jirani, kama taratibu zinavyotaka, wakapewa askari wawili, na saa tisa kasoro walikuwa Mbalibali. Hawakuhitaji kuulizia sana. Mji wa Bibi Wegesa ulijulikana: nyumba tatu za udongo uani palipofagiwa, zizi la miiba, na mtama umeanikwa kwenye turubai.

Felista alikuwa amekaa juu ya turubai lile anakula hindi la kuchoma.

Tabitha alisimama. Mtoto alikuwa mzima, amenyolewa vizuri, amevaa gauni safi, uso umejaa masizi ya hindi. Siku tatu alikuwa akimwona akilini mtoni, kisimani, shimoni kwa wachimbaji. Alikuwa hajathubutu hata mara moja kumwona hivi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ni wa wapi?"

"Tarime. Mimi ni polisi."

"Najua." Bibi Wegesa alikuwa mwembamba, macho makavu, masikio yametobolewa kwa mtindo wa zamani. Aliendelea kupeta mtama. "Nilijua mtakuja. Nilisema mtakuja kesho yake. Mmechelewa."

Tabitha alimweleza haki zake: kwamba aweza kunyamaza, kwamba atakalosema litaandikwa. Bibi alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza tangazo la kanisa lisilomhusu. Kisha akaweka ungo chini.

"Nilikwenda na Gesabo, mtoto wa shemeji yangu. Ndiye niliyemchagua azae na Modesta. Modesta alitoroka na mtoto miezi saba iliyopita. Nilimtumia habari kwamba nakuja, na tulipofika alitupokea vizuri. Alinitandikia. Aliniletea firigisi. Nikamega tonge moja, nikamwambia sili zaidi mpaka useme unarudi. Akasema harudi, Gesabo anampiga."

"Ni kweli alikuwa anampiga?"

"Kweli." Hakupepesa. "Nikamwambia basi, wewe kaa, mtoto ni wa nyumba, naenda naye. Akamkumbatia mtoto. Gesabo akamvuta mtoto, Modesta akamng'ata mkono, Gesabo akachukua mchi."

Brayan aliandika. Askari mmoja wa Mugumu alikuwa ameshazunguka nyuma ya zizi, na mara zikasikika sauti za wanaume, kisha pingu. Gesabo aliletwa, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa. Bibi hakumtazama.

"Alipopigwa alikufa hapo hapo?" Tabitha aliuliza. Jibu alikuwa nalo: daktari aliandika kwamba majeruhi aliishi si chini ya saa mbili baada ya pigo, na kwamba mshono na dripu vingemwokoa.

"Angekufa hapo hapo ningekuwa na cha kujitetea. Hakufa. Alitoka mpaka mlangoni, akashika ukuta, akapiga mwano."

Mwano ni kelele ya hatari. Kwa Wakurya unapopigwa, aliye shambani anaacha jembe, anayekula anaacha tonge, hata waliogombana jana wanakimbia bega kwa bega kuifuata sauti. Asiyeitika mwano hutengwa. Hapewi moto, hasalimiwi, hachimbiwi kaburi.

"Gesabo akatupa mchi uani," bibi aliendelea. "Akakaa chini, mikono kichwani, kwa sababu alijua wanakuja na watampiga. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikipanga maneno ya kuwaambia. Nilikuwa tayari kulipa. Nilikuwa tayari kumwacha mtoto, wakisema nimwache." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza. "Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu. Tukamwona mzee mmoja, koti limefungwa vifungo, ametoka nje ya nyumba yake. Amesimama. Ametazama. Akarudi ndani, akafunga mlango."

Brayan aliacha kuandika.

"Andika," Tabitha alisema.

"Sauti ikakauka. Akarudi ndani, akalala. Tulikaa, mwanangu. Tulikaa muda mrefu. Ndipo Gesabo akainuka, akajifuta, akasema, mama twende zetu, kumbe hapa hakuna watu."

Tabitha alijaribu kukumbuka kifungu cha sheria cha kumshtaki mtu aliyesikia mwano akafunga mlango, na alijua hakipo. Alikuwa na muuaji mwenye pingu, na alikuwa na mama mtu mzima atakayepanda gari la polisi bila kushikwa. Jalada lilikuwa limekamilika. Hasira aliyokuwa nayo haikuwa na mtu wa kumtia ndani.

"Bibi, utakwenda na sisi. Na mtoto nitamchukua."

"Umpeleke wapi?"

Tabitha aliinama, akamnyanyua Felista. Mtoto hakulia mara moja. Alimtazama usoni, akatazama bunduki ya askari, halafu akainyoshea mikono ardhi aliyotolewa na kupiga ukelele. Kwenye mji wa jirani, ng'ambo ya ua wa minyaa, mwanamke aliyekuwa anaanua nguo aliona kofia za askari na mtoto hewani, akatupa nguo zake. Alipiga mwano.

Ulijibiwa kabla haujaisha. Ulijibiwa kutoka shamba la chini, kutoka mtoni, kutoka juu barabarani. Watu walianza kutokea. Wanaume wenye majembe, wanawake wenye watoto mgongoni, fundi baiskeli mwenye spana mkononi, mkongwe mmoja aliyekimbia kwa fimbo huku anaanguka na kuinuka. Dakika tano hazikuisha na ua ulikuwa umejaa. Hawakumgusa askari hata mmoja. Walisimama tu, wanahema.

Brayan alisogeza mkono kiunoni. "Acha," Tabitha alimwambia.

Mzee mmoja alitangulia mbele. Alikuwa na tope hadi magotini. Alimsikiliza Tabitha akieleza, mwanzo hadi mwisho, habari za Modesta. Alipomaliza, wanawake kadhaa walikuwa wanalia, kwa kuwa walimfahamu. Mzee alimtazama Gesabo, akatema mate chini.

"Huyo mchukueni," alisema. "Na Wegesa akajibu. Hatuwazuii. Lakini huyu mtoto anakwenda kwa nani?"

"Ustawi wa jamii."

"Hao ni serikali. Huko alikotoka, nani amekuja kumtafuta?"

"Mimi."

"Wewe pia ni serikali, mwanangu. Nauliza watu."

Umati ulingoja. Haukuwa umati wa fujo. Ulingoja kwa adabu, kama unavyongoja jina la marehemu litajwe. Tabitha alitafuta kichwani. Alipitia Mabatini nyumba kwa nyumba, akapanda hadi bombani, akapita mlango wa mwenyekiti.

"Kuna Akech," alisema.

"Ndugu yake?"

"Jirani."

"Mwano ulipopigwa alikuja?"

"Alikuwa kwenye foleni ya maji. Hawapewi maji mpaka ng'ombe wanywe."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, si kwa kumlaumu Akech. Nyuma yake watu walitazamana.

"Nitarudi na karatasi," Tabitha alisema. "Ya mahakama. Nitarudi kumchukua."

"Rudi. Utatukuta."

Mwanamke aliyepiga mwano alisogea. Nguo zake bado zilikuwa chini ng'ambo ya ua. Alinyoosha mikono, hakuvuta, alingoja tu. Tabitha alilegeza yake kidogo, na Felista akaenda mwenyewe.